Anaruka Mmoja, Inalipa Nyumba Nzima

Daftari la matumizi ya nyumba yetu ninaliandika mimi, kwa sababu kazi yangu ya mshahara ni hesabu, na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa fizikia, huzipenda hesabu za nguvu na mwendo kuliko za unga na sukari. Katika daftari hilo, baada ya umeme na maji na kabla ya michango ya harusi na misiba, ipo safu niliyoiandika "anga". Humo huingia fedha zote zinazotoka nyumbani kwetu ili mume wangu akae ndani ya ndege ndogo ya kukodi, airushe, azunguke nayo kwa saa moja au zaidi, kisha aitue pale pale alipoirushia. Hakuna mzigo anaoupeleka wala mtu anayemfuata. Anaruka kwa sababu anapenda kuruka.

Mimi si rubani na sina hamu ya kuwa rubani. Hata boti ya Pemba hunifumbisha macho inapofika mkondo wa Nungwi. Ila nimeishi na rubani wa kujifurahisha muda wa kutosha kuwajua wenzake na mazungumzo yao. Wanapokutana husimuliana walivyojinyima: huyu ameuza gari, yule amehamia chumba kimoja, mwengine hajajinunulia nguo ya sikukuu kwa miaka. Yote ni kweli. Lakini katika masimulizi hayo anayejinyima huwa ni mtu mmoja, kana kwamba kwake hakuna mtu mwengine. Ninavyoona mimi, gharama ya kuruka ina tabia ambayo starehe nyingi hazina: haipunguziki ndani ya ndege. Ukijaribu kubana kule, unaubana usalama wako. Kwa hiyo hubanwa nyumbani, na nyumbani wapo watu ambao hawajawahi kuushika usukani wa ndege hata siku moja.

Nianze na jambo linalowatatiza majirani. Leseni aliyonayo mume wangu ni ya rubani binafsi. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni hiyo hupewa mtu aliyefikia umri wa miaka 17, aliyepimwa afya, aliyefaulu mitihani ya darasani na aliyeruka saa zisizopungua 40, au 35 ikiwa amesoma kwa mpango maalumu ulioidhinishwa. Ni leseni kamili, lakini mwenye nayo haruhusiwi kulipwa kwa kuruka. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo anayepeleka nguo Chake Chake kila mwezi, aliniuliza kwa nia njema kabisa: "Mwanangu, mbona mumeo asitupakie sisi watu wa Pemba, tukampa nauli, na nyie mkarejesha pesa zenu?" Nilimweleza kwamba siku atakayotoza nauli atakuwa amevunja sheria, na kwamba anayeruhusiwa kulipwa ni rubani wa leseni ya biashara, ambayo ni mlima mwengine wa saa na fedha. Alitafakari, akaguna. "Kumbe ni pesa za kwenda tu, za kurudi hazipo." Sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya mchezo huu, hata kutoka kwa wanaoucheza.

Sasa hesabu yenyewe. Katika Afrika Mashariki saa moja ya ndege ndogo ya mafunzo, pamoja na mkufunzi, haishuki chini ya dola 100 za Marekani, na mara nyingi hukaribia 200 au kuzipita. Nikichukua dola 200 na kuzigeuza kwa shilingi 2,500 kila moja, napata shilingi 500,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Zanzibar, kilipopandishwa mwaka 2022, kilikuwa shilingi 347,000 kwa mwezi. Maana yake, kwa kiwango hicho, ni kwamba saa moja ya angani humaliza mshahara wa mwezi mzima wa mtumishi wa ngazi ya chini na kuanza kuula wa mwezi wa pili. Saa 40 ni shilingi milioni 20, na hapo sijataja vitabu, ada za mitihani, daktari wala mahali pa kulala.

Baba mkwe wangu, ambaye ana mikarafuu upande wa Wete, hakushtushwa na dola wala na milioni mpaka nilipomgeuzia hesabu hiyo kwa karafuu. Kwa bei ya shilingi 14,000 kwa kilo, ambayo ZSTC, shirika letu la biashara la serikali, lililipa kwa miaka kadhaa kwa karafuu za daraja la kwanza, saa moja ya ndege ni karibu kilo 36 za karafuu kavu. Kilo 36 kavu ni mbichi zisizopungua mia hivi, zilizochumwa tawi kwa tawi, zikachambuliwa vikonyo usiku, zikaanikwa kwenye majamvi na kukimbizwa ndani kila wingu lilipotanda. "Kwa saa moja?" aliuliza. Ndiyo, baba. Akanyamaza, kisha akataka kujua kama saa hiyo inahesabiwa tangu ndege ikiwa chini. Nilimwambia kwa kawaida inahesabiwa tangu injini inapowashwa, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko bei yenyewe.

Visiwani petu ndege tunaziona mchana kutwa. Mume wangu alipoletwa Unguja kusoma alilelewa na shangazi yake Kiembe Samaki, karibu kabisa na uwanja ambao leo unaitwa Abeid Amani Karume. Njia ya kurukia ya uwanja huo imelazwa kaskazini na kusini, na kwa kuwa ndege hutua zikiukabili upepo, watoto wa mtaa ule walikuwa wakizijua pepo kwa kutazama ndege zinateremkia upande gani: wakati wa kusi hutua zikitokea upande wa mjini, na kaskazi likishika hutokea upande wa pili. Lakini ndege hizo ni za abiria na za watalii. Anayetaka kujifunza kuruka hana budi kuvuka bahari, naye alikwenda Nairobi, katika uwanja wa Wilson, ambao una skuli za urubani na klabu ya Aero Club of East Africa iliyoanzishwa mwaka 1927. Uwanja umepewa jina la Florence Kerr Wilson, mjane aliyetia mali yake katika shirika la ndege la Wilson Airways mwaka 1929. Mume wangu hunikumbusha habari za mama huyo kila anapozihitaji fedha zangu.

Safari ya kwenda huko ni boti hadi Dar es Salaam, kisha basi kupitia Arusha na Namanga usiku kucha. Nauli ya ndege ya abiria ya kwenda na kurudi ingekula saa nzima au zaidi ya kuruka, kwa hiyo rubani wetu husafiri kwa barabara, akafika miguu imemvimba, ili apate kupaa. Wanawe hulicheka jambo hili, na yeye huwaacha wacheke.

Kinachomuumiza mtu wa kipato chetu zaidi ni kwamba hawezi kulipa kwa mkupuo. Mwenye fedha hukaa pale pale skulini, akaruka karibu kila siku, na mikono yake haipati nafasi ya kusahau. Mwalimu anayekwenda wakati wa likizo tu hufika akakuta sehemu ya alichojifunza imekwishamtoka: kukadiria urefu wa mwisho kabla ya magurudumu kugusa, kuisikiliza redio huku akitazama nje, kuizuia ndege isiyumbe upepo unapokuja ubavuni. Saa za mwanzo za kila safari huishia katika kurejea ya nyuma, na saa zile hulipiwa bei ile ile. Zile 40 ni kiwango cha chini tu. Anayesoma kwa mapande huzipita kwa mbali. Hivyo asiye nacho hulipa zaidi kwa kitu kile kile, na sijaona skuli inayompunguzia bei kwa sababu hiyo.

Nilipoliona hilo kwenye daftari ndipo nilipoingia katika jambo hili kwa miguu miwili. Mpaka wakati ule nilikuwa nikilivumilia tu. Niliona kwamba kuendelea kumpa kidogo kidogo ni kumwaga maji mchangani, na kwamba ama aache kabisa ama apate fedha za kukaa kule mpaka amalize. Vespa yake, ambayo aliipenda na aliyokuwa akiitengeneza mwenyewe kila Ijumaa baada ya sala, iliuzwa. Tangu hapo anakwenda kazini kwa daladala. Mimi nilikuwa na upatu na wanawake wenzangu wa ofisini. Niliomba zamu yangu ivutwe mbele, nikapewa, na fedha ambazo zilikusudiwa kulipaua jiko letu zikaenda Nairobi. Kiwanja chetu cha Tunguu kina msingi, na juu ya msingi huo matofali yamepangwa na kuota ukungu wa kijani. Watu tulioanza nao kujenga wamekwishahamia, wamepanda mipapai, na mipapai inazaa. Sisi tunaendelea kulipa kodi.

Yapo mambo ambayo nilikataa yasiguswe, na niliyataja mapema kabla fedha yoyote haijatoka. La kwanza ni ada na matibabu ya watoto. La pili ni haki ya wazee wetu wa pande zote mbili. La tatu ni bangili zangu za dhahabu, ambazo ni mahari yangu. Hajawahi kuziomba, na angeziomba nisingempa, kwa kuwa mahari ni mali ya mke, nami siioni sababu ya mali hiyo kugeuzwa moshi juu ya milima ya Ngong. Nimewasikia wanawake wengine, wa hapa na wa Bara, wakisimulia dhahabu iliyouzwa kwa ajili ya gari la mume, boti ya mume au biashara ya mume ambayo haikusimama. Wengi wao hawakuulizwa; waliarifiwa. Katika kuruka hatari ya jambo hilo ni kubwa zaidi, kwa kuwa gari linaweza kuuzwa tena, lakini saa ya angani ikishatumika haina mnunuzi.

Ndugu na marafiki walinikumbusha israfu, na sikuwachukulia vibaya, kwa sababu ni swali ambalo Muislamu hana haki ya kulikwepa. Katika mji ambao jirani anaweza kulala bila ya dawa, mtu kutumia mshahara wa mwezi wa mwenzake kwa saa moja ya kujifurahisha ni jambo la kutolewa hoja. Hoja yangu ni ndogo. Zaka na michango ya lazima hutolewa kwanza, na kinachobaki kila nyumba hukitumia katika jambo ambalo nyumba nyengine italiona upuuzi. Ninawajua wanawake wanaoshona sare mpya kwa kila harusi ya ukoo, wakakaa mbele ya jukwaa la taarabu wakatunza noti mpaka pochi ikawa nyepesi, nami nimekuwa mmoja wao. Huko Pemba wako wanaolisha fahali mwaka mzima kwa ajili ya mchezo wa ng'ombe wa siku moja. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa mwaka 1905, haikufika ilipo bila ya watu waliotoka kazini wakaenda kufanya mazoezi usiku wakati wake zao wakiwangoja na chakula kilichopoa. Watu wa visiwani tunajua kutoa mali kwa kitu kisichoshikika. Kilichowashangaza katika habari yetu ni ugeni wa kitu chenyewe, na nadhani pia ni kwamba huwezi kumwalika mtu akaja akakiona.

Lawama iliyoniuma ni ile ya kuitwa wachoyo. Tulipoanza kutoa mchango mdogo katika harusi kuliko watu wa kazi zetu wanavyotarajiwa, maneno yalizunguka. Mume wangu hakuyasikia. Barazani wanaume humtania, humwita kapteni na kumwagizia kahawa. Maneno hufika jikoni. Hii ni sehemu ya gharama ambayo haimo katika daftari, na aliyeilipa ni mimi.

Nimesoma kidogo habari za waanzilishi wa kuruka, kwa sababu vitabu vyao vimejaa nyumbani, na kila nilipotazama nyuma ya rubani niliona mtu mwengine amesimama. Ndugu wawili wa ukoo wa Wright, Wilbur na Orville, walikuwa mafundi na wauzaji wa baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani, na ndege waliyoirusha tarehe 17 Desemba 1903 waliigharamia kwa fedha za duka lao, wala hapakuwa na serikali nyuma yao. Hawakuoa, na sifa hiyo ya kujinyima hutajwa mara nyingi. Hutajwa kwa uchache kwamba dada yao, Katharine, mwalimu wa skuli ya sekondari, ndiye aliyeiendesha nyumba yao wakati wao wakiwa na vishada na mbao zao ufukweni Kitty Hawk. Orville alipoanguka na ndege huko Fort Myer mwezi wa Septemba mwaka 1908, katika ajali iliyomuua abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, Katharine aliomba ruhusa kazini akaenda kumuuguza, na hakurudi tena kufundisha. Kaka zake walipata jina. Yeye aliacha kazi.

Amelia Earhart alilipia masomo yake kwa kazi za mkono na za ofisi, zikiwemo za kampuni ya simu huko Los Angeles, lakini ndege yake ya kwanza, ndogo ya rangi ya manjano aliyoinunua mwaka 1921, ilipatikana kwa msaada wa mama yake na mdogo wake Muriel. Miaka michache baadaye mali ya mama ilikuwa imekwisha na ndoa yake imevunjika. Binti aliachana na ndege, akanunua gari, na mwaka 1924 akamwendesha mama yake kutoka pwani moja ya Marekani hadi pwani ya pili. Kati ya habari zote za Earhart, hiyo ndiyo ninayoipenda, kuliko hata ya kuvuka Atlantiki. Alijua deni liko wapi. Naye Bessie Coleman, mtengeneza kucha wa Chicago ambaye skuli za urubani za nchini kwake zilimkatalia kwa kuwa ni mwanamke mweusi, alijifunza Kifaransa, akavuka kwenda Ufaransa na kupata leseni yake mwezi wa Juni mwaka 1921. Fedha alizochangiwa alizipata kwa kuwaendea wakubwa wa jamii yake kuomba msaada. Hata hapo waliulizwa.

Huenda msomaji akasema: si atafute ndege ya bei nafuu? Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ndege anayoikodi mara nyingi ni Cessna 172, aina iliyoingia sokoni mwaka 1956 na kutengenezwa zaidi ya 44,000, na hakuna ndege nyengine iliyotengenezwa kwa wingi huo. Ina viti 4 na injini moja ya pistoni, na hunywa zaidi ya lita 30 kwa saa. Mafuta yake siyo ya zile ndege za abiria za Caravan zinazotupeleka Pemba, ambazo hutumia Jet A-1, jamii ya mafuta ya taa. Hii ndogo inataka petroli maalumu ya ndege yenye madini ya risasi, iliyotiwa rangi ya buluu, ambayo hutengenezwa kwa uchache na kusafirishwa mbali. Injini yake, ikifikia saa 2,000 hivi, hufunguliwa yote na kuundwa upya, kwa hiyo kila saa anayoruka mkodishaji hubeba kipande cha gharama hiyo. Ndege ya kukodishwa hukaguliwa kila baada ya saa 100. Ukiondoa hata kimoja katika hivyo umepunguza bei na umeyakaribisha maziko. Mtu anayebana matumizi ya gari huendesha taratibu, na kama mafuta yakimwishia hulisukuma kando ya barabara; angani hakuna kando ya barabara.

Tena leseni ikishapatikana haiachi kula. Katika nchi nyingi rubani haruhusiwi kubeba abiria ikiwa hajapaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Viwango vya ICAO humtaka rubani binafsi aliye chini ya miaka 40 apimwe afya kila miezi 60, na akishavuka umri huo muda hupungua hadi miezi 24. Mume wangu amevuka. Zaidi ya sheria ipo mikono yenyewe, ambayo haitambui kuwa mwaka huu mambo yalikuwa magumu. Rubani anayeruka kwa nadra ili aokoe fedha ni hatari kwake na kwa aliyekaa ubavuni mwake. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba mwaka ambao hatuwezi kulipia saa za kutosha kumweka sawa, hatalipiwa hata moja, na atakaporudi atalipia kwanza mkufunzi wa kukaa naye. Aliliona sharti hilo kuwa gumu. Mimi nililiona kuwa ni nafuu yangu pekee, kwa sababu mikataba mingi ya bima ya maisha huiweka kando hatari ya kuruka kwa ndege zisizo za abiria, na mjane wa rubani binafsi hubaki na daftari lake.

Lakini jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba kule kujinyima kwenyewe kunaweza kumuua mtu. Nairobi, mwezi wa Julai, ni baridi, na asubuhi nyingi mawingu hulala chini juu ya mji. Rubani wa leseni kama yake hutakiwa kuruka akiona nje. Hana ruhusa ya kuingia mawinguni, na uwanja wa Wilson wenyewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi, ndege hupanda kwa uvivu, na vilima haviko mbali. Mfikirie mtu aliyeuza pikipiki, aliyekula zamu ya upatu wa mkewe, aliyekaa ndani ya basi usiku kucha, amesimama pale asubuhi akilitazama wingu. Likizo inakwisha kesho kutwa. Kila shilingi iliyomfikisha pale inamsukuma mgongoni na kumwambia kuwa wingu si zito sana, kwamba litainuka, kwamba wengine wamepaa. Zipo ajali za ndege ndogo duniani zenye sura hiyo: rubani wa macho ameingia mawinguni kwa sababu alikuwa na haja ya kufika au ya kutopoteza siku.

Nilipolisoma hilo katika kitabu chake kimoja, nilikifunga na kumwita. Nilimwambia, "Baba watoto, siku utakayorudi hapa hujaruka, sitakuuliza pesa zimekwenda wapi. Wala mama yako hatakuuliza. Nitaandika 'anga' kama kawaida na nitafunga daftari." Alisema hayo yanajulikana. Nikamwambia hayajulikani mpaka yatamkwe. Katika vitu vyote ambavyo nyumba hii imempa kwa ajili ya kuruka kwake, vespa, upatu, paa la jiko, majina mabaya harusini, nadhani hicho kimegharimu kidogo kuliko vyote na ndicho alichokihitaji zaidi. Alirudi mara moja hivyo, baada ya kungoja siku mbili chini ya mawingu, amelipia chakula na kitanda tu na amezungumza na mafundi. Tulimkuta bandarini Malindi, hapa Unguja, amebeba mfuko wa majani ya chai. Mwanangu mdogo alitaka kumwuliza, nikamkanyaga mguu.

Mambo yanakwenda hivyo mpaka sasa. Baba mkwe alituletea sehemu ya mavuno ya msimu uliopita, akasisitiza kwamba ni ya matofali ya Tunguu na siyo ya injini inayohesabiwa ikiwa chini, na imekwenda kwenye matofali. Michango ya harusi imepanda kidogo. Vespa bado hatuna.

Jipya ni kwamba binti yetu mkubwa, aliye kidato cha pili, ametangaza wakati wa chakula cha usiku kwamba naye anataka kujifunza kuruka, akitimiza miaka 17 awe na leseni. Baba yake alifurahi mpaka akaacha kula. Nililileta daftari pale pale mkekani, tukafungua ukurasa mpya, na nikamwonyesha kwamba kwa mishahara yetu miwili safu ya anga inaweza kubeba mtu mmoja tu. Alizitazama tarakimu kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama hapawezi kupatikana angalau zile za kupaa na kutua mara tatu, kwa ajili yake, ili asisahau. Nilimwambia akamuombe mwenye zamu.